Howard Phillips Lovecraft (1890–1937): Shabiki Kabla ya Kuwa Mtunzi

Jina la Howard Phillips Lovecraft si geni kwa wapenzi wa hadithi za kutisha. Kiumbe wake Cthulhu, mwenye kichwa mithili ya pweza, ameingia katika filamu, katika michezo ya kompyuta na hata kwenye fulana za vijana ambao hawajawahi kusoma ukurasa mmoja wa kazi zake. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba mtu huyu alikuwa msomaji na shabiki kwa miaka mingi kabla hajawa mtunzi, na kwamba mlango aliopitia kuingia katika utunzi ulikuwa ukurasa wa barua za wasomaji. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea malumbano ya washairi katika kurasa za Taifa Leo, kisa hiki kina mlio anaoufahamu. Kina pia upande mwingine, mchungu, ambao msomaji Mwafrika hawezi kuupita akiwa amefumba macho, nao utaelezwa mahali pake.

Lovecraft alizaliwa tarehe 20 Agosti 1890 mjini Providence, katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Baba yake, Winfield Scott Lovecraft, alikuwa wakala wa mauzo aliyesafiri mji hadi mji. Mwaka 1893 alirukwa na akili akiwa safarini Chicago, akatiwa katika hospitali ya Butler mjini Providence, na humo ndimo alimofia mwaka 1898. Mtoto akabaki mikononi mwa mama yake, Sarah Susan, dada wawili wa mama huyo, na babu mzaa mama, Whipple Van Buren Phillips. Babu huyu alikuwa mfanyabiashara mwenye ukwasi, lakini urithi mkubwa aliomwachia mjukuu wake haukuwa fedha. Alimsimulia hadithi za kutisha alizozitunga papo kwa papo, tena akamfungulia maktaba ya nyumbani bila kumwekea mipaka.

Akiwa na umri wa miaka mitano hivi, mtoto huyo alikutana na Alfu Lela Ulela. Alivutiwa mno na visa vyake hata akajivika jina la Abdul Alhazred na kujiona Mwarabu. Mwenye kufahamu majina ya asili ya Kiarabu, kama walivyo wasomaji wengi wa Kiswahili, atang'amua mara moja kwamba jina hilo halikai sawa, maana kile kijisehemu cha “al” kimetiwa mara mbili. Ni jina la mtoto anayecheza. Hata hivyo Lovecraft hakulitupa alipokua. Alilirejesha katika hadithi zake akampa Mwarabu mwendawazimu aliyeandika Necronomicon, kitabu cha kubuni ambacho hadi leo kuna watu wanaokiulizia madukani na maktabani wakidhani kimo.

Baada ya Alfu Lela Ulela zilifuata visasili vya Wayunani na Warumi, na alipotimiza miaka minane akamgundua Edgar Allan Poe. Mwaka huohuo wa 1898 alianza kuipenda kemia, na mwaka uliofuata akawa anaandika kwa mkono kijigazeti chake cha sayansi. Elimu ya falaki ilimshika miaka michache baadaye, naye akaanzisha kijarida kingine cha kueleza aliyoyaona kwa darubini. Zaidi ya hayo, aliwapenda wapelelezi wa hadithini. Alimsoma Sherlock Holmes kwa uchu, kisha akaunda pamoja na vijana wenzake wa mtaani shirika la upelelezi la mchezo. Tabia hii itajitokeza tena na tena maishani mwake: alichokisoma hakukiacha kitabuni, alikifanyia jarida, chama au vazi.

Babu alifariki mwaka 1904 na mali ikaporomoka. Familia ililazimika kuhama kutoka ile nyumba kubwa ya Angell Street na kwenda kuishi katika nyumba ndogo kwenye barabara hiyohiyo. Kijana aliyekuwa na watumishi akajikuta hana hata mmoja. Aliendelea na masomo katika shule ya sekondari ya Hope Street, lakini afya yake ya akili ilimsaliti, na mwaka 1908 akaiacha shule bila kuhitimu. Ndoto ya kuingia Chuo Kikuu cha Brown, kilichokuwa umbali mfupi kutoka kwao, ikafa. Kwa muda wa miaka mitano hivi alijifungia ndani na mama yake, akilala mchana na kukesha usiku, akiwa hana kazi wala marafiki wa kuzungumza nao.

Aliyekuwa naye ni majarida. Yalikuwa yale majarida mazito ya karatasi duni, yaliyouzwa kwa bei rahisi na kujaa hadithi za mapenzi, vita, safari za mbali na maajabu ya sayansi. Wasomi wa wakati huo waliyadharau. Lovecraft, aliyejinasibu na ustaarabu wa karne ya kumi na nane na kuandika mashairi kwa kumwiga Alexander Pope, aliyameza kwa wingi. Alilipenda hasa jarida la All-Story, na alidai kwamba amesoma kila toleo lake tangu la kwanza la Januari 1905.

Mwaka 1914 aliliandikia jarida hilo barua ndefu akiwapanga watunzi wake kwa daraja, na kileleni akamweka Edgar Rice Burroughs. Lakini sifa zake zilikuja na masahihisho. Kuhusu hadithi ya Tarzan, iliyokuwa imechapishwa mwaka 1912, aliona makosa mawili. La kwanza ni kwamba mtunzi alimweka simbamarara katika msitu wa Afrika ilhali kwao ni Bara Hindi. La pili lina mvuto zaidi kwa mwanaisimu. Tarzan anaonyeshwa akiandika jina lake kwa herufi kabla hajajifunza uhusiano uliopo baina ya herufi na sauti, na jina lenyewe amelisikia tu vinywani mwa manyani. Je, aliliandikaje? Ni swali zuri ambalo mwalimu wa fonolojia angeweza kulipeleka darasani. Lakini msomaji wa leo ataona pia kile ambacho jicho hilo kali halikukiona. Mnyama aliyekosewa bara alimkera, ila namna hadithi yenyewe ilivyowachora Waafrika haikumkera hata kidogo.

Mwaka mmoja kabla ya barua hiyo, yaani mwaka 1913, lilikuwa limetokea jambo lililobadilisha maisha yake. Jarida la Argosy lilikuwa likichapisha mfululizo hadithi za mapenzi za mtunzi aitwaye Fred Jackson. Lovecraft alichoshwa na machozi na mabusu, akatuma barua ya kumshambulia Jackson, nayo ikatolewa katika toleo la Septemba. Mashabiki wa Jackson walikuja juu. Barua za kumtetea zilimiminika, na baadhi yao walimcheka Lovecraft kwa msamiati wake mzito wa kamusi. John Russell, msomaji wa Tampa huko Florida, alitumia silaha tofauti. Alimjibu kwa shairi.

Hapo Lovecraft akajisikia nyumbani. Alijibu kwa shairi la tashtiti lenye mistari ya vina viwiliviwili kwa mtindo wa Pope, akawachapa wapinzani wake mmoja mmoja. Russell akajibu tena. Wasomaji wakagawanyika makundi, kila toleo likisubiriwa kwa hamu ya kujua nani amemtia nani adabu. Malumbano yaliendelea hadi Oktoba 1914, ambapo wapinzani hao wawili, kwa kuombwa na mhariri, walituma shairi la pamoja la kuagana na kusameheana. Anayeifahamu historia ya ushairi wa Kiswahili hatauona mkondo huu kuwa mgeni: shairi la kuchokoza, la kujibu, wapambe wa pande zote mbili, na mwishowe mkono wa suluhu. Tofauti ni kwamba kwa Waswahili malumbano hayo ni utamaduni wenye heshima na kanuni, ilhali katika jarida la Argosy yalizuka tu kutokana na hasira ya kijana mmoja aliyejifungia ndani.

Vurumai hiyo ilimvutia Edward F. Daas, afisa wa United Amateur Press Association, chama cha waandishi wa ridhaa waliochapisha vijarida vyao wenyewe na kubadilishana kwa posta. Alimwalika Lovecraft, naye akajiunga Aprili 1914. Ndani ya muda mfupi alikuwa na kijarida chake, The Conservative, alichokitoa kuanzia 1915 hadi 1923, na baadaye akapanda hadi kuwa rais wa chama. Yeye mwenyewe alikiri mara nyingi kwamba chama hicho kilimwokoa. Kabla yake alikuwa mtu aliyezikwa akiwa hai, na sasa alikuwa na watu wa kuwaandikia. Marafiki hao ndio waliomhimiza mwaka 1917 kurudia kutunga hadithi baada ya kuziacha kwa miaka tisa.

Ushabiki wake haukupungua kwa kuwa ameshika kalamu. Mwaka 1919 alimsoma kwa mara ya kwanza Lord Dunsany, mtunzi wa Ireland aliyebuni miungu na miji isiyokuwapo, na akapigwa na bumbuwazi. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Dunsany alifika Boston kutoa mhadhara. Lovecraft alisafiri kwenda kumsikiliza, akapata kiti cha mbele kabisa. Mhadhara ulipokwisha, wasikilizaji walimzunguka mgeni wakiomba saini zake. Lovecraft hakuthubutu. Kwa muda wa miaka miwili hivi hadithi zake zikawa zinanukia Dunsany kila mstari, jambo ambalo wahakiki wamelieleza sana na halihitaji kurudiwa hapa.

Mama yake alifariki Mei 1921. Wiki chache baadaye, katika mkutano wa waandishi wa ridhaa mjini Boston, Lovecraft alikutana na Sonia Greene, mwanamke Myahudi mzaliwa wa Ukraini, mfanyabiashara wa kofia za wanawake, aliyemzidi umri kwa miaka saba. Walioana New York tarehe 3 Machi 1924. Harusi yenyewe ina kisa chake. Jarida la Weird Tales lilikuwa limemwajiri Lovecraft kuandika hadithi kwa niaba ya mfanya mazingaombwe mashuhuri, Harry Houdini. Aliimaliza, akaipiga chapa, na alipokuwa njiani kwenda kuoa akaisahau nakala katika stesheni ya treni ya Providence. Kwa bahati alikuwa amebeba ile aliyoiandika kwa mkono. Bwana na bibi harusi wakautumia mwanzo wa fungate yao huko Philadelphia wakiipiga chapa upya, Sonia akisoma kwa sauti na mumewe akidonoa taipureta, chombo alichokichukia maisha yake yote. Hadithi hiyo ilimpatia dola 100.

New York ilimshinda. Hakupata kazi, biashara ya Sonia iliyumba, na mke akalazimika kwenda kufanya kazi mji mwingine. Lovecraft akabaki peke yake katika chumba cha kupanga mtaani Clinton Street, Brooklyn, ambamo wezi waliingia Mei 1925 na kumwachia nguo chache tu. Alikuwa na marafiki, kwani kila wiki kundi la wapenzi wa vitabu lilikutana kuzungumza hadi alfajiri. Ila nje ya kundi hilo mji ulimtia kichaa, na hapa ndipo lazima lisemwe lile jambo zito.

Lovecraft alikuwa mbaguzi wa rangi. Haikuwa ile dhana ya kawaida ya Mzungu wa zama zake aliyefuata wenziwe tu. Wapo watu wa rika lake, tena marafiki zake, waliompinga katika barua. Mwaka 1912 aliandika shairi kuhusu kuumbwa kwa mtu mweusi ambalo linamweka baina ya mnyama na binadamu, na jina lenyewe la shairi hilo ni tusi lisilofaa kuchapwa. Paka aliyempenda utotoni aliitwa kwa tusi hilohilo. Huko New York, kwa ushahidi wa mkewe, alipokuta umati wa wahamiaji barabarani alipandwa na ghadhabu hata akakaribia kupoteza fahamu zake, na Sonia akalazimika kumkumbusha kuwa yeye pia ni mhamiaji na Myahudi. Hadithi aliyoitunga wakati huo, The Horror at Red Hook ya mwaka 1925, ni chuki iliyovikwa vazi la fasihi, na hata kifasihi ni dhaifu.

Afrika nayo haikusalimika. Katika hadithi ya Arthur Jermyn, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1921, bwana mmoja wa ukoo bora wa Uingereza anagundua kwamba bibi yake mkuu alitoka misituni Kongo na hakuwa binadamu. Anajiteketeza kwa moto. Hofu yote ya hadithi inategemea wazo kwamba damu ya Afrika ndani ya Mwingereza ni msiba usiovumilika. Katika Winged Death, aliyoiandika kwa niaba ya Hazel Heald ikatoka mwaka 1934, msomaji anapelekwa Uganda, kwenye magofu ambayo wenyeji wanayahusisha na miungu Tsadogwa na Clulu. Haya ni majina ya miungu ya kubuni ya Lovecraft na rafiki yake Clark Ashton Smith, yaliyogeuzwa ili yaonekane yametamkwa na Waafrika. Mtu aliyemsahihisha Burroughs kuhusu herufi na sauti hakujishughulisha kuuliza kama ulimi wa Mganda ungelikubali jina linaloanza na konsonanti mbili za namna hiyo. Wala hakuwahi kuvuka bahari. Katika maisha yake yote hakutoka nje ya Amerika ya Kaskazini, na safari yake ya mbali zaidi upande wa kusini ilimfikisha Key West.

Aprili 1926 alirudi Providence, na ndoa ikafikia kikomo mwaka 1929. Kurudi huko kulimfungulia kipaji. Mwaka huohuo wa 1926 alitunga The Call of Cthulhu. Mhariri wa Weird Tales, Farnsworth Wright, aliikataa kwanza kisha akaitoa Februari 1928. Katika hadithi hii na zilizofuata, hofu haitoki tena kwa jini au mzimu wa kulipiza kisasi. Inatoka kwa ulimwengu mkubwa kupita kiasi, ambao haumjui binadamu na haumchukii, kwa sababu haujali kama yupo. Wazo hilo ndilo lililomfanya aheshimiwe na watunzi wa baadaye, na ni wazo la mtu aliyechungulia darubini tangu utotoni.

Maisha yake ya kila siku katika miaka hiyo yalikuwa ya ufukara wenye adabu. Aliishi na dada wa mama yake, akajipatia riziki kwa kurekebisha kazi za watu wengine. Kwa chakula alitumia chini ya dola 3 kwa wiki: maharagwe ya mkebe, mkate, jibini, tambi. Vyakula vya baharini vilimtia kichefuchefu, na huenda si ajabu basi kwamba majitu yake mengi yana mikono ya pweza. Kahawa aliinywa ikiwa na sukari ya kupindukia. Paka wa mtaani aliwajua mmoja mmoja. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa aiskrimu. Mwaka 1927, katika mkahawa mmoja wa mji wa Warren, yeye na marafiki wawili waliagiza na kugawana ladha 28 zote zilizokuwapo siku hiyo.

Kuhusu burudani, alikuwa na maoni kama shabiki yeyote, na hakuyaficha. Alimpenda Charlie Chaplin hata akamtungia shairi mwaka 1915. Sinema za kutisha, kinyume cha matarajio ya wengi, zilimchosha. Filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931 ilimuudhi kwa niaba ya Mary Shelley, ambaye riwaya yake aliiona imeharibiwa. Filamu iliyomteka kabisa ni Berkeley Square ya mwaka 1933, inayomhusu mtu wa karne ya ishirini anayejikuta amerudi karne ya kumi na nane katika mwili wa babu yake. Aliirudia mara nne. Kwa mtu ambaye tangu ujana alitamani kuishi wakati wa Pope, ilikuwa kama ndoto yake imetundikwa ukutani. Watafiti wameiona filamu hii kuwa miongoni mwa vichocheo vya hadithi yake ndefu The Shadow Out of Time.

Hadithi za sayansi zilizojaa majaridani hazikupata huruma yake pia. Katika makala aliyoiandika mwaka 1934 kuhusu bunilizi za safari za sayarini, alilalamikia mashujaa wanaotua kwenye sayari ngeni na kukuta wafalme, vita na binti mfalme wa kuoa, kana kwamba hawakutoka duniani. Alitaka kiumbe wa sayari nyingine awe mgeni kweli, kwa umbo, fikra na maadili. Lawama hiyo haijapitwa na wakati. Inaweza kuelekezwa kwa filamu nyingi za karne hii, na ingefaa pia kusomwa sambamba na Walenisi ya Katama Mkangi (1995), ambamo safari ya angani inampeleka Dzombo penye jamii ngeni kimakusudi ili msomaji aione upya jamii yake mwenyewe.

Lakini kazi iliyomla muda kuliko zote ilikuwa barua. Inakadiriwa kwamba aliandika makumi ya maelfu ya barua, nyingine zikizidi kurasa 30. Wengi wa waliozipokea walikuwa vijana wadogo. Robert Bloch, ambaye baadaye aliandika riwaya ya Psycho, alianza kumwandikia mwaka 1933 akiwa mwanafunzi wa miaka 16. Robert Barlow wa Florida alimwandikia akiwa na umri wa miaka 13 bila kumtajia umri wake, na Lovecraft akaujua alipomtembelea mwaka 1934. Aliwajibu wote kwa heshima ileile, akawasomea miswada, akawatia moyo, akawatania kwa majina ya kubuni. Hapa pana fumbo ambalo wasifu wake haulitatui. Kalamu iliyomwaga sumu juu ya mamilioni ya watu asiowajua ndiyo iliyokuwa na subira ya mzazi kwa kila mtoto aliyemwandikia.

Mwaka 1933 malumbano yalimrudia, safari hii akiwa upande wa pili. Kijarida cha mashabiki kiitwacho The Fantasy Fan kilifungua ukurasa wa mabishano, na kijana wa miaka 16 kutoka California, Forrest J Ackerman, akaandika kuilaani hadithi moja ya Clark Ashton Smith kwamba ilikuwa ya kutisha mno na haikustahili kutolewa katika jarida la hadithi za sayansi. Lovecraft akajitosa kumtetea rafiki yake, na kwa ukali. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu yeye mwenyewe awe yule kijana mchokozi. Ackerman hakuacha ushabiki kwa kukaripiwa. Aliishi hadi mwaka 2008, akawa mmoja wa mashabiki na wakusanyaji wakubwa wa kumbukumbu za bunilizi za sayansi duniani.

Miaka ya mwisho ilikuwa migumu. Mwaka 1931 Farnsworth Wright aliikataa riwaya yake fupi ya Antaktika, At the Mountains of Madness, na pigo hilo lilimvunja moyo asiweze kutunga kwa wepesi tena. Jarida la Astounding Stories lililiitoa mwaka 1936, ila likaikatakata. Maumivu ya tumbo aliyoyapuuza yalibainika kuwa saratani ya utumbo wakati tiba ilikuwa haina faida. Aliendelea kuandika katika shajara hali ya maradhi yake, kwa utulivu wa mtu anayetazama nyota, hadi kalamu ilipomshinda. Alifariki tarehe 15 Machi 1937 akiwa na umri wa miaka 46. Alipokufa hakuwa na kitabu cha hadithi kilichotolewa na mchapishaji wa kibiashara.

Mashabiki ndio waliomfufua. August Derleth na Donald Wandrei, waliokuwa miongoni mwa waandikiwa wake, waliunda kampuni ya Arkham House mwaka 1939 kwa lengo la kuchapisha kazi zake. Mwaka 1977 mashabiki wengine walichanga fedha wakamwekea jiwe la kaburi lenye jina lake katika makaburi ya Swan Point, mahali ambapo kwa miaka 40 alikuwa ameandikwa tu pamoja na wazazi wake kwenye nguzo ya familia. Tuzo za World Fantasy, zilizoanza kutolewa mwaka 1975, zilichukua umbo la sanamu ya kichwa chake.

Sanamu hiyo ndiyo iliyoleta mtafaruku. Mwaka 2011 Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alishinda tuzo ya riwaya bora kwa Who Fears Death, iliyojengwa juu ya Sudani ya wakati ujao. Baada ya ushindi alionyeshwa lile shairi la mwaka 1912, akaeleza hadharani ugumu wa kuweka nyumbani kama heshima kichwa cha mtu aliyewaona watu wake kuwa nusu wanyama. Mwaka 2014 mwandishi Daniel José Older alianzisha ombi la kutaka sanamu ibadilishwe. Wapo waliolalamika kwamba historia inafutwa, akiwamo S. T. Joshi, mtafiti mkuu wa maisha ya Lovecraft na mzaliwa wa India, aliyerudisha tuzo zake. Hoja yao haikuwa na uzito wa kutosha. Vitabu vya Lovecraft havikuondolewa katika rafu hata moja, na tuzo ni heshima, si maktaba. Mwishoni mwa mwaka 2015 ilitangazwa kwamba sanamu haitatolewa tena, na tangu 2017 washindi hupewa umbo la mti na mwezi.

Wakati huohuo waandishi weusi walikuwa wameanza kumjibu kwa njia aliyoifahamu yeye mwenyewe, yaani kwa utunzi. Mwaka 2016 Victor LaValle alitoa The Ballad of Black Tom, iliyoirejea The Horror at Red Hook na kuisimulia kwa macho ya kijana mweusi wa Harlem, mtu ambaye katika hadithi ya mwanzo hakuwa hata na jina. LaValle alimsoma Lovecraft kwa mapenzi tangu utotoni, na kitabu hicho amekitabaruku kwake, huku akikiri kwamba hisia zake juu yake zinagongana.

Barua na miswada ya Lovecraft ilihifadhiwa kwa jitihada za Robert Barlow, yule kijana wa Florida, aliyeachiwa jukumu la kutunza maandishi yake. Barlow aliikabidhi kwa maktaba ya John Hay ya Chuo Kikuu cha Brown, ambako watafiti wanaisoma hadi leo. Ni chuo kilekile ambacho Lovecraft hakuweza kuingia, na kwa miaka minne ya mwisho ya uhai wake aliishi katika nyumba iliyokuwa nyuma tu ya maktaba hiyo.